Jina la mtu si ufunguo

Wasee, chuo niliacha lakini Python sikuiacha. Juzi nikaundia chama cha mathe programu: inasoma faili mstari kwa mstari, jina linakuwa ufunguo, pesa inakuwa thamani. Simple, ama?

Kumbe kuna Mama Brian wawili. Wa kwanza amelipa 2,000, wa pili bado, 0. Dict haibebi ufunguo mmoja mara mbili, so 0 ikafuta 2,000 kimyakimya. Hakuna kosa lililotokea. Mama wa watu akaambiwa hajalipa, mbele ya wenzake.

Usilaumu kompyuta. Kabla ya kuandika `for`, jiulize ni nini hakijirudii. Sasa natumia namba ya simu, na programu ikikuta ufunguo upo tayari, inasimama.

Nilienda kuomba msamaha mwenyewe. We ungeenda?