20 na 30 zinapokuwa 2030: Kosa dogo la kompyuta linaloweza kumtoa mkulima kwenye orodha

Magunia 20 ukiyajumlisha na magunia 30 unapata magunia 50. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Lakini kijana anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, akiipa programu yake ya kwanza hesabu hiyo hiyo, mara nyingi hupata jibu la kushangaza: 2030.

Kompyuta haijaharibika, na haina ubishi. Imefanya kile ilichoelewa. Imepokea "20" na "30" kama maneno mawili, ikayabandika pamoja kama mtu anavyobandika "mama" na "mdogo".

Tunalieleza jambo hili kwa sababu haliwahusu wanafunzi wa kompyuta peke yao. Siku hizi mambo mengi ya kijijini hupita kwenye simu na kompyuta: kujiandikisha kupata pembejeo, kulipwa fedha za mazao, kusajili laini, kulipia maji au bima. Nchini Tanzania, mpango wa ruzuku ya mbolea uliozinduliwa Agosti 2022 ulimtaka mkulima aandikishwe kwanza ndipo anunue kwa bei ya ruzuku. Katika utaratibu wa namna hiyo, tarakimu moja ikikosewa mtu anaweza kufika dukani akaambiwa jina lake halionekani.

Kwa nini kompyuta husema 2030?

Kompyuta huhifadhi taarifa kwa aina. Kuna namba za hesabu, ambazo zinaweza kujumlishwa, kutolewa na kuzidishwa. Kuna maandishi, ambayo ni alama zilizopangwa moja baada ya nyingine. Kuna tarehe, na kuna majibu ya ndiyo au hapana. Kila aina ina kanuni zake. Alama ya kujumlisha ikiwekwa kati ya namba mbili, kompyuta hujumlisha. Ikiwekwa kati ya maandishi mawili, lugha nyingi za programu huunganisha tu.

Sasa, kitu chochote unachokiandika kwa vidole huingia kwenye programu kikiwa maandishi. Ndivyo ilivyo katika Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ambayo wanafunzi wengi huanza nayo. Ndivyo ilivyo pia kwenye menyu za nyota na reli tunazopiga kwa simu za kitochi. Ukibonyeza 2 kuchagua huduma, mtandao husafirisha alama ya "2". Ni kazi ya mwandishi wa programu kuamua kama hiyo 2 ni chaguo, ni kiasi cha fedha au ni idadi ya magunia.

Katika Python tiba yake ni fupi. Mwanafunzi hutumia amri ya int, ambayo huyageuza maandishi "20" kuwa namba 20. Akifanya hivyo kwa namba zote mbili, jibu linarudi kuwa 50.

Wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha, kumbe mtumiaji bado hajafika. Mtumiaji halisi huandika "ishirini", au "20 hivi", au "magunia 20". Programu ikikutana na neno hilo hushindwa kuligeuza, inasimama, na kumtupia mtu ujumbe wa Kiingereza asioujua. Kosa ni la programu, ila aibu humpata mkulima aliyeshika simu.

Si kila tarakimu ni ya kuhesabiwa

Kuna kosa la upande wa pili pia: kukigeuza kuwa namba ya hesabu kitu ambacho hakikupaswa kugeuzwa.

Chukua namba ya simu inayoanza na 07. Kwa kompyuta, ikiwa ni namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo haina thamani, kama vile 07 na 7 ni kitu kimoja kwenye hesabu. Basi huifuta. Namba ya tarakimu kumi inabaki na tisa, na ujumbe wa kukuita ukachukue mbolea unaweza usikufikie.

Namba ya kitambulisho cha Taifa cha Tanzania iko kwenye hatari kubwa zaidi. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Programu ya majedwali ya Excel, inayotumika katika ofisi nyingi, hutunza tarakimu 15 tu za namba ya hesabu. Karani akiiandika namba yako bila vistari, kwenye safu ambayo hakuiweka kuwa ya maandishi, tarakimu tano za mwisho hugeuka kuwa sifuri. Hakuna kengele inayolia. Na watu wawili ambao tarakimu zao 15 za mwanzo zinafanana wataonekana kuwa mtu mmoja.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kama hakuna sababu ya kuijumlisha au kuizidisha, hiyo si namba ya hesabu. Namba ya simu, ya kitambulisho, ya akaunti au ya mita ya umeme ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Nani amewahi kujumlisha namba yake ya simu na ya jirani yake?

Ekari mbili na nusu

Kosa jingine liko kwenye sehemu za namba. Ile amri ya int hutaka namba nzima. Ukiipa maandishi "2.5" inakataa. Lakini ukiipa 2.5 ambayo tayari ni namba, haikatai. Hukata nusu na kubakiza 2. Mkulima mwenye ekari mbili na nusu anaandikwa ekari mbili, na ikiwa mgao unahesabiwa kwa ekari, nusu ekari yake imepotea kimya kimya.

Mkato nao una mambo yake. Tanzania na Kenya, 1,500 ni elfu moja na mia tano. Burundi na Kongo, ambako shule zimefuata utaratibu wa Kifaransa, 1,5 ni moja na nusu. Mfanyabiashara wa Bujumbura na mwenzake wa Kigoma wanaweza kuandika alama ileile wakimaanisha vitu tofauti. Programu isiyoambiwa ni nani anaandika itakisia, na ikikosea hapo, fedha hupotea.

Saa ni vivyo hivyo. Mswahili akisema saa mbili asubuhi, saa ya simu inaonyesha 8. Programu ikimuuliza mama mjamzito saa ya kwenda kliniki naye akajibu 2, inaweza kumpangia saa nane ya usiku au ya mchana. Wala hakukosea. Aliulizwa vibaya.

Na wapo wanaokataliwa majina yao. Mwandishi wa programu akiamua kwamba jina ni herufi A hadi Z tu, mtu mwenye jina lenye ng' anaambiwa jina lake si sahihi. Akiondoa ile alama ili apite, jina la kwenye mfumo linatofautiana na la kwenye kitambulisho, na tatizo linahamia dirisha la pili.

Hata wanasayansi yamewakuta

Asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya vijijini. Watafiti wa chembe za urithi walikuwa na chembe zenye majina kama SEPT2 na MARCH1. Walipoyaandika kwenye Excel, programu iliyasoma kama tarehe: Septemba 2 na Machi 1. Mwaka 2016 watafiti nchini Australia walichunguza makala za kisayansi zilizoambatana na majedwali ya chembe hizo na kukuta takriban moja kati ya tano ina makosa ya aina hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo iliamua kubadili majina yenyewe, na SEPT2 ikawa SEPTIN2. Kampuni ya Microsoft iliongeza njia ya kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023.

Ikiwa maprofesa wenye maabara walipitwa na kosa hilo kwa miaka, karani wa ushirika mwenye foleni ya watu mia mlangoni anaweza kupitwa pia. Ndiyo maana tunasema ulinzi uwe ndani ya programu yenyewe, usiachiwe umakini wa mtu mmoja.

Programu nzuri hufanya nini?

Kwa vijana wanaojifunza, na kwa viongozi wanaoagiza mifumo, haya ndiyo ya kudai.

Kwanza, programu ipokee jibu kama maandishi na kulisafisha: iondoe nafasi za ziada na iulize kuhusu mkato.

Pili, ijaribu kuligeuza. Likishindikana isizime. Iseme kwa Kiswahili, "Andika tarakimu tu, kwa mfano 20," kisha iulize tena.

Tatu, ipime kama jibu linaingia akilini. Ekari 2,500 kwa kaya moja zinawezekana, lakini zinastahili swali la pili.

Nne, imsomee mtu alichoandika kabla ya kukihifadhi: "Umeandika ekari 2.5. Ni sawa?"

Tano, namba za simu na vitambulisho zibaki kuwa maandishi tangu mwanzo hadi mwisho.

Hakuna kati ya haya linalohitaji mashine ya bei kubwa. Mwanafunzi wa mwezi wa pili anaweza kuyaandika.

Na wewe msikilizaji?

Unapojiandikisha kwa simu, andika tarakimu bila maneno, bila "/=" na bila mkato, isipokuwa umeambiwa vingine. Sehemu ya nusu, tumia nukta, kisha tazama kama skrini imerudisha ulichoandika. Usibonyeze kukubali kabla ya kusoma.

Unapoandikishwa na karani au mtendaji, mwombe akusomee namba yako kutoka kwenye skrini, siyo kutoka kwenye kadi uliyompa. Sikiliza sifuri ya mwanzo ya simu na tarakimu tano za mwisho za kitambulisho. Hapo ndipo wizi usio na mwizi hutokea.

Ukikuta taarifa zako zimekosewa, usikubali jibu la "kompyuta imekataa". Kompyuta haikatai, hufuata ilivyoelekezwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019. Zote zinampa mwananchi haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Peleka ombi lako kwa maandishi, ubaki na nakala na tarehe.

Na kama una kijana nyumbani anayejifunza kompyuta, mpe kazi moja. Aandike programu inayouliza idadi ya magunia, kisha mpe bibi yake simu aijaribu. Bibi akiandika "ishirini na kitu" na programu ikamjibu kwa adabu na kumuuliza tena, kijana huyo amefika mbali.