Heda ya Kelele

Niseme mapema: mimi ni mtu wa Subaru, si mmoja wa wale wanaodai kila kijana mwenye Impreza ni mhuni. Kenya tuna sababu ya kuipenda. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 ndani ya Impreza, Richard Burns naye akashinda ndani ya Impreza mwaka 2000, na ule mngurumo wa kudundadunda ukawaingia damuni hata watu wasiokuwa na leseni. Sawa. Lakini siku hizi mngurumo ni bidhaa, na tunauziwa kwa jina la nguvu. Ni uongo, na nimechoka kuusikia ukipita Ndia Kuu saa saba za usiku.

Tazama injini yenyewe. EJ20 ina silinda nne zilizolala, mbili kulia, mbili kushoto. Zinawaka kwa mpango wa 1-3-2-4, na 1 na 3 ziko upande mmoja. Yaani upande huu unatema moshi mara mbili mfululizo, kisha upande ule mara mbili. Heda za zamani ziliunganisha silinda za upande mmoja, na safari ya upande wa kushoto hadi kwenye tabo ikawa ndefu kuliko ya kulia. Moshi ukawa unafika kwa kuyumbayumba, kama mlevi anayepanda ngazi. Hiyo ndiyo sauti mnayoililia! Ni moshi kukanyagana njiani, basi.

Subaru wenyewe walijua. Legacy ya tabo waliyowatolea Wajapani mwaka 2003 ilikuja na mabomba ya urefu sawa: 1 pamoja na 2, 3 pamoja na 4, kila jozi ikiingia kwa mlango wake kwenye tabo ya milango miwili. Tabo inaamka mapema, gari linavuta tangu chini. Mngurumo ukapotea. Leo gari hilohilo likiingia mjini, kuna fundi atamwambia kijana, "Toa hii, haina sauti." Kijana analipa pesa ya kweli kung'oa kazi ya mainjinia, anafungiwa bomba lisilopatana na tabo yake, halafu anajisifu Lighthouse mbele ya mihogo kwamba gari limepata nguvu. Nguvu gani, mwanetu?

Wenye injini zisizo na tabo nao wasicheke. Bomba pana linapendeza macho, lakini moshi ukipewa nafasi kubwa mno unapoteza kasi, na ile kasi ndiyo inayosaidia kuufyonza moshi uliobaki kwenye silinda. Heda ya nne-kwa-moja hulipa injini ikizunguka sana. Ya nne-mbili-moja hulipa katikati. Sasa niambie, kwenye kisiwa hiki unazungusha injini wapi? Digo Road umekwama nyuma ya matatu na mkokoteni, na sheria ya mjini ni kilomita 50 kwa saa. Nunua heda ya barabara unayoiendesha, si ya video unayoitazama.

Na Mji wa Kale si uwanja wa rali. Nyumba zimebanana, kuta za mawe ya matumbawe pande zote, sauti haina pa kutokea ila kupanda juu kwa waliolala. Bibi yangu chumba chake kiko juu ya ndia. Nyie mmetoa katalisti, mmetoa silensa, mmebakisha bomba tupu, na mtoto mchanga wa jirani hulia mpaka alfajiri. Kanuni za kelele zipo tangu 2009, lakini mimi sihitaji sheria kunifundisha adabu ya kupita mlangoni kwa watu.

Ukitaka heda kweli, funga kama mtu mwenye akili. Hewa ya chumvi hapa huzishika nati mpaka zikawa kitu kimoja na stadi, na kichwa cha injini ni cha alumini. Stadi ikikatikia mle, utalia kuliko yule mtoto. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu tangu usiku, fungua injini ikiwa baridi, bila pupa. Weka gaskiti mpya. Kaza kidogo kidogo kwa zamu, washa injini ipate moto, iache ipoe, kaza tena. Ukisikia inazomea karibu na kichwa cha injini, hewa inavuja: tabo inanyimwa haki yake na sensa ya oksijeni inadanganywa. Na vile vitambaa vya kufungia mabomba, mnavyovipenda kwa picha, hapa pwani vinashika unyevu na kuficha kutu mpaka bomba litoboke.

Kama heda ya kiwandani ya Legacy yako iko uvunguni mwa kitanda, itoe uirudishe garini. Huitaki? Niuzie mimi. Naitafuta tangu Ramadhani.