Mgonjwa wa Saratani Anapotokwa na Damu

Wagonjwa wengi wanaotibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road hawalazwi wakati wote. Hupewa dawa, kisha hurejea kwa jamaa zao Tandika, Mbagala au Tandale kungojea zamu nyingine. Kwa hiyo hatari nyingine humkuta mgonjwa nyumbani, mikononi mwetu.

Tuseme mama anapiga mswaki, fizi zinachuruzika damu. Kesho yake miguu ina madoa mekundu, ingawa hakujigonga. Mmoja atasema amerogwa. Mwingine atashauri kungoja.

Sababu imo katika damu yenyewe. Damu huganda kwa msaada wa chembe ndogo zitengenezwazo katika uboho wa mifupa, pamoja na vigandishi ambavyo vingi hutengenezwa na ini. Dawa kali za saratani huudhoofisha uboho, na chembe hizo zikapungua katika juma la kwanza au la pili baada ya dawa. Saratani ya damu huusonga uboho. Saratani ya ini hupunguza vigandishi. Mara nyingine saratani huifanya damu igande ovyo mishipani hata vigandishi vikaisha, ndipo mgonjwa akavuja damu sehemu nyingi.

Tufanyeje? Asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni bila idhini ya daktari. Chembe iliyoguswa na aspirini haifanyi kazi yake tena, na kuzibadili zote huchukua siku 7 hadi 10. Asichanjwe chale, asing'olewe jino bila daktari kujua, na atumie mswaki laini. Pua ikitoka damu, aketi, ainame mbele na kuibana kwa dakika 10.

Damu isipokoma, choo kikiwa cheusi kama lami, au kichwa kikimuuma ghafla, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, kama ya Temeke au Mwananyamala, na mwambieni mganga ni dawa gani anazotumia na alizipata lini.

Huenda akahitaji kuongezewa chembe hizo. Zikishatolewa mwilini mwa mtu, kwa kawaida huhifadhika siku 5 tu, haziwezi kulimbikizwa. Mwenye afya, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, aweza kuchangia: mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4.

Mchango wa arusi hatuukosi. Na huu tusiukose.