Malili inaota chipu, Kerio imekalia florini

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, baada ya kilomita kama 60 unafika Malili, Makueni. Zamani hapo palikuwa ranchi. Leo ndipo penye Konza, mji wa teknolojia wa ekari 5,000 ambao Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013. Wengi wenu mmepita hapo kwa matatu mkaulizana, "Kwani huu mji utaisha lini?" Swali halali. Sisi leo tuna lingine: ukiisha, utatengeneza nini?

Tunapenda kujiita Silicon Savannah, lakini silikoni peke yake haitoi chipu. Chipu iliyo ndani ya simu unayosomea makala haya imepitia mikononi mwa florini. Unaikumbuka, elementi namba 9, ile gesi ya manjano hafifu ambayo mwalimu wa kemia hakuwahi kuwaonyesha. Alikuwa na sababu: inashambulia karibu kila kitu inachogusa. Mfaransa Henri Moissan ndiye alifaulu kuitenga mwaka 1886, baada ya wengine kuumia na hata kufa wakijaribu. Siku hizi viwanda vya chipu hutumia haidrojeni floraidi kusafisha na kuchonga silikoni. Chumvi ya lithiamu iliyo kwenye betri za simu nyingi ina florini pia. Gesi nyingi za kupoza friji na AC, vilevile.

Ukidhani tunatia chumvi, kumbuka Julai 2019. Japani ilibana uuzaji wa haidrojeni floraidi na bidhaa nyingine mbili kwa Korea Kusini, na viwanda vikubwa vya chipu vikaingiwa na wasiwasi papo hapo. Hiyohiyo Korea Kusini ndiyo inashirikiana nasi kuleta chuo cha sayansi na teknolojia pale Konza. Inajua uchungu wa kutegemea asidi ya jirani.

Sasa sikiza hii. Mwaka 1967 wanaastronomia waliokuwa wakipima mwanga wa sayari ya Zuhura waligundua kuna haidrojeni floraidi katika hewa yake. Ni kiasi kidogo mno, kama molekuli tano katika kila bilioni, na huko chini joto ni nyuzi zaidi ya 450. Kuna watu wanaota binadamu siku moja atavuna kemikali kwenye sayari nyingine, na hatuwakatazi. Lakini mwaka huohuo wa 1967, madini ya floraspa yaligunduliwa Bonde la Kerio, hapa hapa Kenya. Floraspa ni kalsiamu na florini, ndiyo malighafi kuu ya florini duniani. Hakuna haja ya roketi bana, ni safari ya barabara tu hadi Kimwarer, Elgeyo Marakwet.

Tulifanya nini nayo? Familia zilihamishwa miaka ya sabini, na kilio chao cha fidia kimedumu miongo kadhaa. Mwamba ulichimbwa, ukasagwa, ukasafishwa, kisha unga ukateremshwa hadi bandari ya Mombasa na kwenda ng'ambo. Huko ndiko ulikogeuzwa asidi. Mwaka 2016 bei ya dunia ilipokuwa chini, mgodi ukasimamisha kazi, na vijana wa pale wakabaki kuhesabu malori yaliyokuwa yakipita zamani. Anayeuza unga mbichi hana pa kujificha bei ikianguka.

Msimamo wetu ni huu: leseni yoyote ya floraspa ya Kerio iwe na sharti la kutengeneza asidi nchini, kwa hatua na kwa muda uliowekwa. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha. Asilimia 10 ya unga na asilimia 10 ya kitu chenye thamani zaidi si pesa sawa. Kemia yake haijafichwa: unachanganya floraspa na asidi ya salfuriki kwenye joto, unapata haidrojeni floraidi na mabaki yanayofanana na jasi, kitu ambacho viwanda vya simiti vinaweza kutumia.

Hatusemi ni mchezo. Asidi hii hupenya ngozi na kufika mifupani, na kiwanda kizembe kitaua watu. Tena Wakenya wanaijua floraidi kwa ubaya wake. Uliza wenzako waliokulia Nakuru wakinywa maji ya kisima, wakuonyeshe meno yenye madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa huipita. Kwa hivyo mtaalamu wa florini ana kazi mbili hapa, kuitoa kwenye mwamba na kuiondoa kwenye maji.

Mtaalamu huyo ni nani? Kila kijana tunayekutana naye anataka kusoma kuandika programu, na si vibaya. Lakini ukifungua tena tovuti ya KUCCPS kuchagua kozi, angalia uhandisi wa kemikali kabla hujasonga mbele. Nanyi mnaopanga masomo ya chuo cha Konza, tuonyesheni maabara ya florini iko wapi kwenye ramani yenu.