London Yetu na Majina ya Nyumbani

Marekani ina miji midogo iitwayo Paris, katika Texas, na Moscow, katika Idaho. Tusiwacheke: Nakuru ina mtaa uitwao London, na Nairobi ina Jericho na Jerusalem. Jina la kuazima huonyesha tunakotazama. Jina la asili huonyesha tuliposimama. Hapa Khwisero, majina Eshinutsa na Emalindi huanza kwa e-, kiambishi cha mahali cha Kiluhya, kifanyacho kazi ya -ni katika Kiswahili. Kumbe kibao cha njiani nacho ni somo la sarufi! Mwanaisimu mwenzangu, likizo ijayo waulize wazee asili ya jina la kijiji chako, uiandike kabla hawajaondoka nayo. Mwacha asili ni mtumwa.