Daftari la Wiki: Kila Kirukanjia na Mlima Wake

Kirukanjia akikatiza njia huitwa panya, naye si panya. Panya ni mgugunaji. Kirukanjia hula wadudu na minyoo, na kinasaba yu karibu zaidi na kalunguyeye. Kosa la jina lingekuwa dogo lau lisingetufanya tuwahesabu kirukanjia wote kuwa mnyama mmoja. Milima ya Tanzania inakanusha hesabu hiyo. Mwaka 2015 mtafiti William Stanley na wenzake walichapisha uchambuzi wa kundi la Crocidura monax, wakilinganisha mafuvu na vinasaba kutoka mlima hadi mlima. Jina monax lilibaki kwa kirukanjia wa Kilimanjaro na Pare Kaskazini. Wa Pare Kusini wakaonekana kuwa wamoja na wa Usambara Magharibi, Crocidura usambarae. Pare mbili, majirani wanaotazamana, kila moja na ukoo wake! Meru na Ngorongoro nazo zikapata spishi zao mpya.

Wapo wanaosema wataalamu wanapenda tu kuongeza majina, kwa kuwa kwa macho wanyama hawa wanafanana. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ushahidi ungekuwa rangi ya manyoya peke yake. Lakini mifupa na vinasaba, vilivyopimwa kila kimoja kwa njia yake, vilielekea upande mmoja. Pingamizi zito zaidi ni kwamba milima si visiwa kamili: Crocidura telfordi yuko Uluguru na Udzungwa pia. Ni kweli, na ndiyo sababu haifai kukisia. Misitu iliwahi kuungana, kisha ikatengana kwa nyakati tofauti. Mnyama anayetegemea unyevunyevu chini ya majani makavu ya msituni havuki kwa urahisi tambarare yenye joto. Udzungwa kuna Congosorex phillipsorum, aliyeelezwa mwaka 2005, ambaye jamaa zake wako mbali kabisa, katika misitu ya Kongo. Bila uainishaji, nani angejua kwamba msitu wa Udzungwa una undugu na ile ya Kongo?

Kwa hiyo ripoti ya mazingira inayoandika “kirukanjia” na kuishia hapo haijaandika kitu. Msitu wa Shume, ulioko Usambara Magharibi, ukitunzwa vizuri, yule wa Meru hapati hifadhi yoyote kutokana na hilo. Msitu wake ukiisha, hakuna mlima mwingine wa kumleta tena.