Vyeti Tunavyo, Tupeni Seva

Vijana wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo nasema wazi: kozi za kompyuta zinazoishia kwenye Word na Excel zimetosha. Kutoka Nyarugusu hadi Kakuma vyeti tunavyo. Sasa waulize wenye vyeti: nani amewahi kupewa kompyuta yenye Linux akaambiwa, haya, weka hifadhidata, iendeshe mwenyewe? Kimya.

Sisi ndio tunaozunguka nyumba kwa nyumba na tableti tukijaza fomu. Majina, umri, idadi ya watoto. Zikishatumwa, basi, zinakokaa ni kazi ya fundi wa mji mkuu. Ati ni ngumu, inataka mainjinia.

Ngumu wapi? PostgreSQL ni programu ya bure, ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na leseni yake haimuulizi mtu uraia. Kwenye Debian au Ubuntu unaandika mstari mmoja tu, sudo apt install postgresql, mashine inaipakua, inaunda mtumiaji aitwaye postgres, inaiwasha. Bando halitoshi? Mafaili yanapakuliwa mara moja mjini, yanakuja kwa flashi.

Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo, na ndiyo tunayonyimwa. Kuamua nani asome tu na nani aandike. Kufungua faili la pg_hba.conf na kuelewa kila mstari unamruhusu nani, kutoka wapi. Kutoa nakala kwa pg_dump kila jioni, halafu (hapa wengi wanaruka) kuirudisha kwenye mashine nyingine uone kama kweli inafunguka. Haya hayaingii kichwani kwa slaidi. Yanaingia ukiwa na seva ya kuharibu Jumatatu na kuijenga upya Jumanne.

Na umeme wetu huu? Hapo ndipo naipendea programu hii. Kila badiliko linaandikwa kwanza kwenye faili la kumbukumbu kabla ya kuingia kwenye majedwali. Sola ikizima katikati ya kazi, ukiwasha inasoma ile kumbukumbu na kurudisha yote yaliyokuwa yamethibitishwa, mradi diski ni nzima.

Najua mtajibu nini: usalama wa taarifa za wakimbizi. Hoja hiyo ni nzito, siichezei. Wapo kati yetu ambao jina likivuja, waliyemkimbia atajua walipo. Lakini nani kaomba daftari la UNHCR? Tunataka kompyuta moja hata kuukuu, tuweke vitabu vya maktaba, ligi ya mpira, orodha za kujifunzia zenye majina ya kubuni. Tena ikishawekwa, PostgreSQL inasikiliza mashine yake tu. Wa nje haingii mpaka umfungulie. Na kama usalama ndio hoja, yale majina ya watu yanayorushwa WhatsApp ndani ya Excel isiyo na neno la siri, nani anayalinda?

Kwa hiyo mradi ujao ukiandikwa, kwenye bajeti ya mafunzo ya kidijitali punguzeni fulana na soda za siku ya vyeti. Wekeni seva moja, na neno la siri la root likae kwa vijana wawili tutakaowachagua sisi wenyewe.